Wiki Tatu za Kufunga na Kufungua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti chenye mihuri miwili, nikavaa shati jeupe ili waone kwamba msomi amefika. Mzee Ogola, aliyekuwa mkuu wa mafundi wa umeme, akanitazama kuanzia kola mpaka viatu, kisha akanionyesha mahali ufagio unapokaa. "Fagia chini ya kila mashine," akasema. "Ukimaliza uniambie ni gani inatoa mafuta, gani inatoa unga ya beringi, na gani iko safi." Nilifagia wiki mbili. Mwisho wake nilijua ugonjwa wa kila mashine kwa takataka zake, na hilo chuo hakikunifundisha. Ninyi mliobaki karakanani, mnaolalamika kwamba niliwafagisha, sasa mmejua nililitoa wapi.

Mliponiaga mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu draivu ya mkanda na nambari zake za hitilafu, kwa kuwa kitabu chake kilikwisha zamani. Kurasa nyingine nilizikuta zimefungia maandazi. Nitaandika. Lakini nambari moja, E7, itachukua karatasi nyingi kuliko nyingine zote, na haitakuwa habari ya ufundi peke yake. Mtanivumilia.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kiwanda chetu hapa Kisumu kilikuwa cha barafu tu. Samaki wa mbuta na meza za minofu vilikuja baadaye kidogo. Mzee Ogola alikuwa amejifunzia kazi kwenye karakana ya meli, chini ya mafundi waliokuwa wakimpiga rula vidoleni, na alijua mota kwa masikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, akaegemeza sikio kwenye mpini wa mbao, akafumba macho. "Hii ina siku nne," alisema. Siku ya nne au ya tano mota ilikuwa mezani imefunguliwa. Alikuwa pia na mega, kile kipimo cha kuzungusha kwa mkono kinachoonyesha kama nyaya za ndani ya mota zinavujisha umeme, na alikifunga kwa kitambaa cha flana kama mtoto mchanga. Mimi niliruhusiwa kukigusa mwaka wa pili.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kubishiwa. Alisema fundi asiyebisha ni abiria. Tukisimama mbele ya mashine iliyolala, yeye alisema ni kontakta, mimi nikasema hapana, ni fyuzi. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na aliyeshindwa ndiye aliyefunga skrubu. Nilishindwa mara nyingi. Lakini siku niliyomshinda kwa mara ya kwanza alizunguka kiwanda kizima akiwaambia watu, "Omolo amenifunga bao leo." Sijapata tena furaha kama ile kazini, na siwadanganyi nikisema nilimpenda yule mzee kuliko baba yangu.

Alinialika kwake kula. Nikala mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nilikuwa ninamtazama binti yake Beatrice kuliko samaki. Mwaka uliofuata nilipeleka ng'ombe kwao. Mzee alifurahi, mama alifurahi, na Jumatatu niliporudi kazini hakuniita tena Omolo. Aliniita "ora", yaani mkwe wangu.

Wanaotoka kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini wengine wenu mmetoka mbali. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Humpandishii sauti. Humwambii mbele za watu kwamba amekosa, na hata mkiwa wawili unazunguka zunguka, unamwambia kwa mafumbo au unamtafuta mtu wa kumwambia kwa niaba yako. Kantini tuliacha kuketi meza moja. Akisema ni kontakta, nilisema, "Inaweza kuwa, Baba," halafu nikabadilisha fyuzi akiwa ameondoka. Nilipata mke mwema, ambaye bado ninaye. Mwalimu nilimpoteza siku ileile, na hakuna aliyeona, hata yeye.

Draivu ilikuja wakati kiwanda kilipopanua chumba cha minofu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kabla yake mkanda unaobeba samaki mezani ulikuwa na mwendo mmoja. Sasa kisanduku cha kijivu ukutani kiliweza kuupunguza na kuuongeza kwa kuzungusha kitufe, na kikikasirika kilisimamisha mota na kuandika nambari kwa taa nyekundu. Kampuni ilitaka kumpeleka mtu Nairobi kwa kozi ya wiki mbili. Zamu ilikuwa ya Mzee. Akacheka, akasema mzoea punda hapandi farasi, apelekwe kijana. Watu walicheka naye. Mimi niliona hakucheka kwa macho. Nikaenda mimi.

Basi, nambari. E1 ni mota kuvuta umeme kupita kiasi. Kabla hujagusa draivu, angalia kama mfupa wa mbuta umekwama kwenye rola. E3 ni umeme wa nje umeshuka, na hapa Kisumu mvua ikinyesha mtaiona sana, ngojeni tu. E5 ni joto. Safisheni feni, imejaa magamba. Jambo kubwa kuliko yote ni hili: andika nambari kwenye kitabu cha zamu kabla ya kubonyeza riseti. Ukibonyeza, imefutika, na aliyekuja nyuma yako anaanza gizani. Nimewaona mafundi wa miaka kumi wanaobonyeza riseti kama mtu anayefukuza nzi.

E7 ni umeme unaovuja kwenda ardhini. Kwenye mota ya mkanda ilikuja kila asubuhi, kwa sababu kina mama wa usafi waliosha meza kwa mpira wa maji na unyevu ukaingia kwenye mota iliyokwisha kuzeeka. Tulipima kwa mega, tukaona wazi kwamba nyaya za ndani zimechoka. Nikaandika ombi la mota mpya kutoka Nairobi. Tukingoja, Mzee alikuwa na dawa yake: jiko la makaa chini ya mota kwa saa moja, mpaka ikauke. Ilifanya kazi. Lakini saa moja ya jiko ni saa moja ya samaki kulala juani, na meneja wa uzalishaji alikuwa akija kusimama nyuma yetu, hasemi kitu, anatazama saa yake tu. Afadhali angetukana.

Halafu asubuhi moja E7 haikuja. Wala kesho yake. Meneja akampongeza Mzee mbele ya watu wote, akamwambia mkono wa kizamani umeshinda kozi ya Nairobi. Mzee aliinamisha kichwa kama bwana arusi. Mimi pia nilifurahi kwa ajili yake.

Siku ya tatu aliniita Mama Awino. Alikuwa mama wa usafi, mjane kutoka Usenge, mwembamba, mwenye sauti ya kwaya, mwangalifu mpaka wenzake wakamtania. Aliosha ile meza kutoka mbali, mpira ameushika kwa mikono miwili, kwa vile aliogopa mashine na hakuona haya kusema.

"Fundi, hii meza inauma," akaniambia.

"Inauma aje?"

"Nikiigusa na mkono iko na maji, inaniwasha mpaka hapa." Akanionyesha kiwiko. "Nimeambia Mzee, amesema ni baridi ya barafu. Lakini baridi mimi naijua."

Nilizima swichi, nikafungua kifuniko cha mota. Waya wa kijani wenye mstari wa njano, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri pembeni. Ndiyo sababu E7 haikuja. Draivu huona uvujaji pale tu umeme unapopata njia ya kwenda ardhini, na njia ilikuwa imekatwa. Meza yenyewe, ambayo mota ilikuwa imefungwa kwenye chuma chake, ilikalia vipande vya raba ili isiteleze, kwa hiyo umeme ulibaki kwenye chuma hicho, ukingoja mtu aje awe njia.

Nilijua ni nani. Ni sisi wawili tu tuliokuwa na ufunguo wa kile kifuniko. Nikaufunga ule waya. Sikuandika kwenye kitabu cha zamu, maana kitabu kilisomwa na meneja, na kuandika kungekuwa kumshtaki mkwe wangu. Sikumwambia Mzee mwenyewe. Nilimwambia Mama Awino, "Haitauma tena." Akasema, "Ero kamano, Fundi," yaani ahsante, akarudi kwenye mpira wake.

Kesho yake E7 ikarudi, na meneja na saa yake. Mzee akanitazama kidogo, akaleta jiko. Asubuhi iliyofuata waya ulikuwa umefunguliwa tena.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Nafunga, anafungua. Nilianza kufika saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya kina mama, nauangalia waya, naufunga, naiacha E7 ije. Siku nyingine alinitangulia au alirudi nyuma yangu mchana. Hatukusema neno. Tulisalimiana, tuliulizana habari za watoto, alimtumia Beatrice mahindi. Nilimtafuta mtu wa kumwambia kwa niaba yangu, kama desturi inavyotaka, lakini ningemtuma nani? Mama mkwe hajui mota. Beatrice nilimwambia nusu ya habari, akasema, "Baba anazeeka, mvumilie." Wahenga walisema heshima si utumwa. Mimi niliifanya utumwa, na aliyetumikishwa alikuwa mtu mwingine.

Nilikuwa na kufuli la swichi kwenye sanduku langu. Nilipewa Nairobi kule kwenye kozi, la kumzuia mtu yeyote asiwashe mashine yenye hatari. Ningelitia, meneja angeuliza, ningejibu. Nililitazama mara nyingi. Ninyi mnalitumia leo bila kuogopa mtu, nami ninawaona mna bahati kuliko mnavyojua.

Jumamosi moja shangazi yangu alizikwa Katito. Ijumaa jioni niliufunga waya, nikavuta kuuhakikisha, nikapanda gari. Nilijiambia ni siku moja tu. Sikumwomba mtu auangalie asubuhi, kwa sababu ningelazimika kumweleza kwa nini. Nilikuwa nimeshika koleo, tunafukia kaburi, wakati ule kule Kisumu Mama Awino alipomaliza kuosha meza na kuiegemea kwa mkono avute gambuti lake lililoingia maji.

Niliambiwa Jumapili. Mzee mwenyewe ndiye aliyezima swichi, ndiye aliyembeba. Wenzake walisema alimfikisha zahanati akikimbia, mtu wa umri ule, na daktari hakuwa na la kufanya.

Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo nilifungua kifuniko. Waya ulikuwa umefungwa. Kila fundi ana mwandiko wake: mimi hutumia washa moja, ile pete nyembamba ya chuma, chini ya nati, Mzee alitumia mbili na kuukunja waya kitanzi kizuri kuelekea kulia. Palikuwa na washa mbili. Nilikaa sakafuni pale penye maji, nikalia.

Mkaguzi alikuja Jumatano. Akafungua, akaona waya uliofungwa kwa ustadi kuliko kazi yoyote mle kiwandani. Akapima mota, akaona imechoka. Tukaketishwa ofisini, mimi na Mzee tukitazama mbele.

"Wewe ndio ulisomea hii mashine," mkaguzi akaniambia. "Hii waya imekuwa imefungwa siku zote?"

Niliisikia pumzi ya Mzee.

"Mimi Jumamosi nilikuwa matangani," nikasema.

Ilikuwa kweli. Akaandika. Hakuuliza tena, nami sikuongeza. Ripoti ilisema marehemu alielekeza maji moja kwa moja kwenye mota kinyume cha maagizo. Mtu aliyeosha meza kutoka mbali kuliko wote. Nilipewa nitie sahihi kama fundi mwenye mafunzo, nikatia. Mota mpya ilifika kutoka Nairobi siku nne baada ya mazishi.

Tangu hapo Mzee hakushika bisibisi. Alikuja kazini, akaketi kwenye benchi, akasafisha mega ambayo haikuwa chafu. Baada ya miezi michache aliacha kazi akaenda nyumbani, na huko tumbo likamshika. Nilikwenda kumtazama mara nyingi. Mara ya mwisho aliwaambia wote watoke, hata Beatrice.

"Ulikuwa unafunga," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilidhani ni kiburi ya kozi. Nikasema, huyu ananionyesha mimi sijui kazi." Akatafuta pumzi. "Starter za zamani, kabla ya draivu, nilifungua hiyo waya miaka mingi, hakuna mtu alikufa. Mbona hukuniambia, Omolo?"

Hakuwa ameniita hivyo tangu nioe.

"Wewe ni mkwe wangu."

"Ungeniambia. Ningekukasirikia wiki moja." Akafikiri. "Labda mbili."

Alikufa siku chache baadaye. Nilisimama na wakwe wengine kaburini, nikasifiwa kwa heshima niliyompa maisha yake yote. Nilitaka ardhi inimeze.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi vizuri. Niliwafundisha kufunga swichi kwa kufuli, kuandika nambari, kunibishia. Mlidhani nina hasira za uzee nilipomrudisha nyumbani fundi aliyebonyeza riseti bila kuandika. Sikuwa na hasira naye.

Mwezi uliopita, wiki ya pili baada ya kuniaga, nilikwenda Usenge. Sikumwambia mtu isipokuwa Beatrice, ambaye sasa alikuwa ameisikia habari yote. Siku ya pili akanipigia pasi shati. Niliuliza nyumba ya mama yake Mama Awino, nikamkuta anageuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Nikamwambia mimi ni fundi wa kile kiwanda. Akaendelea kugeuza. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, nimesimama juani.

"Huyo mzee alifungua, yuko?" akauliza.

"Alikufa, Mama."

"Na wewe ulijua wiki tatu."

"Nilijua."

Alifika mwisho wa wavu, akajinyoosha. "Mimi barua yenu ilisomwa hapa mbele ya kanisa. Ati msichana wangu alimwagia stima maji. Watu walisema pole, lakini wengine walisema, watu wengine hawasikii." Akafuta mikono kwenye leso. "Kaa hapo. Awino anatoka shule saa kumi. Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Nikaketi. Saa kumi akaja msichana mrefu wa sekondari, mwembamba kama mama yake, akanisalimu kwa adabu kabla ya kujua mimi ni nani. Nikaanza upya. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, na kila nilipotaka kupita haraka mahali fulani, alikohoa.

Nilipomaliza, msichana hakulia. Aliuliza kitu kimoja. "Kwa hivyo Mama hakukosea?"

"Hakukosea. Alituambia meza inauma. Alituambia sote wawili."

Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Akafungua ukurasa mtupu, akaviweka magotini pangu.

"Andika," akasema. "Halafu uweke sahihi, kama ile ingine."

Niliandika mpaka jua likawa chini, ukurasa mmoja na nusu. Akausoma wote akiwa amesimama, akanionyesha mahali nilipoandika "marehemu", akaniambia nifute, niandike jina lake. Nikafuta, nikaandika Pamela, nikatia sahihi.